Barua ya wazi kwa wapangaji wa elimu: Tuiteni kabla ya siku ya kubeba mawe

Kwa viongozi wa TAMISEMI, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na wakurugenzi wa halmashauri za Mkoa wa Dodoma,

Mbukwenyi!

Nimeanza na salamu ya huku kwa sababu siku hizi ninyi ni majirani. Zamani mwananchi wa Ugogo akitaka kumwambia mkubwa jambo, barua yake ilipanda basi mpaka Dar es Salaam, ikarudi jibu au isirudi. Sasa ofisi zenu zipo Mtumba, kwenye Mji wa Serikali hapa Dodoma, na usiku kukiwa hakuna vumbi taa za mjini tunaziona tukiwa kilimani kwetu. Kwa hiyo nimeona niwaandikie kijirani.

Mimi ni mkulima wa uwele na karanga. Nina watoto wawili katika sekondari ya kata, na kwa miaka mitatu nilikuwa mjumbe wa bodi ya shule hiyo. Jina la shule silitaji, wala la kata, wala la wilaya. Mkuu wa shule aliyepo ni mtu mwema na sitaki apigiwe simu usiku kwa ajili ya barua yangu.

Nina jambo moja. Sisi wazazi huitwa shuleni siku ya kubeba mawe. Siku ya kuamua mawe hayo yajenge nini, yajenge wapi na yaanze lini, hatuitwi.

Kubeba tumebeba. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulipoanza mwaka 2004 na kila kata ikatakiwa kuwa na sekondari yake, mchanga wa shule yetu tuliutoa korongoni kwa mikokoteni ya ng'ombe. Mawe tuliyapasua kwa moto. Mke wangu alibeba maji ya kujengea kichwani, ana mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Hakuna aliyelalamika, maana kabla ya hapo mtoto akifaulu darasa la saba ilikuwa sherehe ya siku moja na huzuni ya mwaka mzima: nafasi hakuna, na ya kulipia shule binafsi hakuna.

Ikaja amri ya maabara mwaka 2012. Kila sekondari ya kata iwe na vyumba vitatu: fizikia, kemia, baiolojia. Kila kaya ikapangiwa kiwango, na asiyekuwa nacho mgambo alipita akaondoka na mbuzi. Hatukuulizwa tuanze na chumba kimoja tukimalize au tunyanyue vitatu kwa pamoja. Tulinyanyua vitatu, vikafika usawa wa lenta, hela ikaisha. Maboma yale yalikaa miaka mingi bila bati. Jirani yangu aliyechukuliwa mbuzi wake alikuwa akitania kwamba serikali imemjengea zizi, kwa kuwa wajukuu wa mbuzi yule ndio waliokuwa wakijikinga mvua mle ndani.

Kisha Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada, na kuanzia Januari 2016 mzazi wa mtoto wa kutwa hakulipa tena ile shilingi 20,000. Hilo nawashukuru kwa moyo wote. Nawajua watoto waliorudi darasani wiki ileile. Lakini kuna kitu kilichoondoka pamoja na ada. Mzazi mwenye risiti mkononi alikuwa na ujasiri wa kuuliza. Risiti zilipokwisha, na Rais Magufuli alipokemea michango mashuleni Januari 2018, wakuu wa shule wengi waliogopa hata kuitisha kikao, wasije wakaambiwa wanachangisha. Na sisi wazazi tukapata kisingizio kizuri: serikali imesema bure, basi ifanye yenyewe. Hapo nasi tulikosea, nakubali. Mkutano wa wazazi ukawa ni mama kumi na wawili chini ya mkuyu na mwanaume mmoja aliyekuja kumtafuta fundi baiskeli.

Ngoja niwasimulie habari ya madarasa.

Mwaka 2021 zilikuja fedha za ule mpango wa UVIKO-19. Nchi nzima yalijengwa madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya sekondari, kila moja kwa shilingi milioni 20. Shule jirani na yetu ilipata. Muda ulikuwa mfupi, kwa sababu yalitakiwa yawe tayari kabla ya Januari kidato cha kwanza waingie. Ujenzi ulikuwa wa fosi akaunti, yaani shule inajenga yenyewe kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi, kwa hiyo wananchi waliingizwa kwenye kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Mtu wa mbali akisoma taarifa atasema jamii ilishirikishwa, tena kwa kamati tatu.

Kwenye kamati ya mapokezi alikuwapo mzee mmoja ambaye mababu zake walilima eneo lile kabla shule haijafikiriwa. Siku ya kwanza alipoona uzi umefungwa kwenye vigingi alisema: hapo ni mbuga, kifuku kikija udongo unavimba, kiangazi unapasuka, nyumba haikai. Alionyesha na kichuguu hatua mia moja na hamsini juu yake, kwenye udongo mwekundu, akasema jengeni pale. Aliambiwa kwa heshima kabisa kwamba eneo limeshapimwa, na kwamba kazi ya kamati yake ni kupokea na kuhesabu vifaa. Akahesabu mifuko ya saruji. Haukupotea hata mmoja. Kifuku cha pili ukuta wa nyuma ulitoa ufa unaoingiza kiganja, na sasa wanafunzi wanasukuma madawati upande wa mlangoni.

Sidai kwamba wazee wanajua uhandisi. Ramani ni za wataalamu na ziwe za wataalamu. Lakini mahali pa kuweka jengo, maji ya mvua yanapita wapi, kisima gani kina chumvi, korongo gani likijaa watoto wa ng'ambo hawavuki siku tatu, hayo hayapo kwenye ramani iliyochorwa kwa ajili ya nchi nzima. Kuyajua ni mchana mmoja wa kutembea na watu kabla uzi haujafungwa.

Sasa niingie bodini, na hapa nitajisema mwenyewe.

Barua ya uteuzi niliipata kwa mshangao, sikuwa nimeomba wala hakuna mzazi aliyenipigia kura. Kwenye shule ya msingi wazazi huchagua wawakilishi wa kamati mkutanoni, mikono juu, watu wakahesabiwa. Kwa sekondari barua hutoka juu. Katika miaka yangu mitatu vikao vingi tulikaa kama mahakama. Fulani kapigana, fulani kakutwa na simu, fulani mtoro tangu Agosti. Mambo ya mpango wa shule niliyaona mara moja tu kwa macho yangu, na ilikuwa hivi.

Ilikuwa Desemba, mvua zimeanza, mimi niko shambani napanda. Mkuu wa shule wa wakati ule akanipigia simu kwamba ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha tulichopangiwa, umefika na mfumo unafungwa baada ya siku nne. Nilipofika nilikuta mpango umeshaingizwa kwenye PlanRep, ule mfumo wa serikali wa mipango na bajeti, uko kwenye kompyuta, una namba za vifungu na maneno ya Kiingereza. Kilichokosekana ni muhtasari wa kikao cha bodi kilichoupitisha. Muhtasari nao ulikuwa umeshaandikwa. Ulisema wajumbe walijadili kwa kina.

Nilisaini. Tulisaini wote, tukanywa soda, tukarudi shambani.

Simlaumu yule mwalimu. Siku nne asingeweza kuitisha mtu yeyote, na angechelewa, shule ingekosa mwaka mzima. Ninachosema ni kwamba mwaka wa serikali na mwaka wa mkulima wa Dodoma haviendi pamoja. Mwaka wenu unaanza tarehe 1 Julai, na mipango yake mnaipika wakati sisi tuko shambani na ghala zinaelekea kuisha. Sisi tunakaa, tunazungumza na tuna kitu mkononi baada ya mavuno, Juni mpaka Agosti. Mkuu wa shule akiitisha mkutano wa mpango Julai, karatasi ya makubaliano akaiweka kabatini, ukomo ukija Desemba atakuwa na cha kuingiza. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji agizo la ukurasa mmoja na afisa elimu kata wa kulifuatilia.

Kuna watakaosema utaratibu huo upo tayari. Upo, tunaujua: Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Walikuja vijana wazuri, tukachora ramani ya kijiji chini kwa majivu na mawe, tukapanga vipaumbele kwa kupiga kura za punje za mahindi. Kipaumbele chetu cha kwanza kilikuwa hosteli ya wasichana. Karatasi zile kubwa zilibandikwa ofisi ya kijiji mpaka mchwa wakazimaliza. Mkitaka watu waje tena, anzeni kwa kuwaambia kilichotokea kwenye kile walichosema mara ya kwanza. Hata jibu la hapana lingetosha. Mtu akijua amekataliwa hujipanga upya.

Hosteli niliyoitaja si anasa. Kutoka kitongoji cha mwisho mpaka shuleni ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa mguu. Wasichana wa huko wanapanga mageto karibu na shule, chumba cha elfu tano hadi nane kwa mwezi, watatu kitanda kimoja, wanajipikia wenyewe, na mlango wa bati. Kila mzazi anajua mageto yale yanavyoishia. Lakini kwenye taarifa shule yetu ni ya kutwa, na shule ya kutwa haina safu ya kuandika watoto wanaolala nje ya kwao.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, kwa kuwa nyingine mnazijua kuliko mimi. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, sehemu yake ikibaki juu kwa ajili ya vitabu. Juu yake serikali inaifidia shule ile ada ya 20,000. Kwa shule ya wanafunzi 400, fidia pekee ni shilingi milioni 8 kwa mwaka. Nimewauliza wazazi wengi. Sijampata hata mmoja anayeijua hesabu hiyo. Mapato hubandikwa, ni kweli, lakini ubao wetu uko ndani ya korido ya utawala, na yameandikwa kwa herufi za kifupi ambazo mtendaji wa kijiji mwenyewe alizishindwa. Kwa mujibu wa sheria ya serikali za mitaa mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu. Mkuu wa shule au makamu wake apewe dakika kumi humo: zimeingia kiasi hiki, zimenunua hiki, imebaki hii. Kwa Kiswahili. Wengine wenu mtaona ni kumwongezea mwalimu mzigo. Kwa nilivyoona, mwalimu anayesema hela mbele ya watu ndiye anayesaidiwa kuezeka bati lililopeperushwa, tena bila mgambo.

Na hilo nimeliona kwa chakula.

Kwa miaka kadhaa shule ilitutaka kila mzazi atoe mahindi na maharage ya chakula cha mchana, na ilitutaka Januari. Nadhani hakuna mwezi mbaya zaidi wa kumwomba Mgogo debe la nafaka kuliko Januari. Ghala limebaki vumbi, mvua haijulikani itakuwaje, mtu anagawa alichonacho kati ya mbegu na chungu. Tena mahindi kwetu ni bahati nasibu; kinachotuokoa ni uwele na mtama. Tukauliza, je, tunaweza kuleta uwele? Tukajibiwa kwenye mpango yameandikwa mahindi. Nani aliyaandika, hakuna aliyejua. Basi mzazi aliuza uwele kwa bei ya kutupa mnadani, akanunua mahindi yaliyotoka Kibaigwa kwa bei ya dukani, akapeleka shuleni. Wengi hawakupeleka. Watoto walikaa mpaka saa tisa na nusu bila kitu tumboni, na vipindi vya mchana vikawa vya kusinzia.

Mkuu wa shule aliyepo sasa alikuja mwaka juzi. Kikao chake cha kwanza alikiitisha Jumatano. Jumatano ni mnada. Hakuja mtu, hata wajumbe wa bodi hatukuja. Wengine wangeandika kwamba wazazi wa huku hawana mwamko. Yeye alimuuliza mlinzi wa shule, akaambiwa, akacheka, akahamishia Ijumaa jioni baada ya jua kupoa, mwezi Juni. Walikuja watu zaidi ya mia. Hakuleta kiwango. Aliuliza: mwaka huu kila mtu amevuna nini? Mtu akasema uwele, mwingine mtama, mwingine karanga, mama mmoja ana mlenda mkavu magunia mawili. Tukakubaliana kila mmoja alete alichovuna, kiasi tulichopanga wenyewe, kabla ya mwisho wa Julai. Chumba kimoja cha yale maboma ya maabara tukakiezeka kikawa ghala. Funguo mbili: moja kwa mwalimu, nyingine kwa mama aliyechaguliwa na wazazi, na hakuna anayefungua bila mwenzake. Wasionacho walitoa kuni na zamu za kupika.

Mwaka ule watoto walikula mpaka mwezi Februari. Machi na Aprili tulikwama, sitawadanganya, na mwaka uliofuata wachache walianza kukwepa. Ila waliokwepa walisemwa na wenzao mnadani, si na mgambo.

Mwongozo wa kitaifa wa chakula shuleni uliotoka mwaka 2021 unataka wazazi washiriki, nami sina ugomvi nao. Mnachotakiwa kuona ni kwamba chakula hakikupikika kwa sababu ya mwongozo. Kilipikika siku mtu alipouliza swali kabla ya kuleta jibu.

Kinachonifanya niandike sasa, nisisubiri, ni Januari 2028.

Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024, watoto wa darasa la tatu waliingia katika utaratibu wa kumaliza msingi darasa la sita. Watamaliza mwaka 2027. Wale waliokuwa la nne wanaendelea mpaka la saba, nao watamaliza mwaka huohuo. Makundi mawili yatagonga lango la kidato cha kwanza kwa wakati mmoja, na kwa kuwa Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, hakuna wa kubaki nyumbani. Mtoto wangu wa mwisho yumo humo. Kata yetu ina shule za msingi tatu. Hesabu ya watoto wanaokuja hata muuza bagia wa getini anaiweza, kwa sababu wanaonekana kwa macho, wamekaa madarasani sasa hivi.

Najua mnajenga. Najua habari za SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, na shule mpya za kata zinazoota. Lakini hapa kwetu hakuna aliyekuja kutuuliza watoto hao watatoka kitongoji gani, wangapi watavuka korongo, wangapi watahitaji pa kulala. Tukiwa na jibu hilo mapema, pengine hatuhitaji madarasa sita mapya pale pale. Pengine tunahitaji matatu pale, na mkondo mwingine ng'ambo ambako kijiji kimeshatenga ekari kumi na mbili tangu zamani. Pengine tunahitaji matundu ya vyoo kuliko ukuta wa geti. Naogopa itakuwa kama 2021: Oktoba 2027 hela inashuka, uzi unafungwa mbugani, na sisi tunapewa daftari la kuhesabu saruji.

Jambo la mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi, nalo ni hivyohivyo. Shule za mkoa huu zikipangiwa fani, waulizeni wanaoishi hapa. Tuna mafundi wa matofali, wafugaji, wakamuaji alizeti, na wakulima wa zabibu waliofundishwa kukata matawi na watafiti wa Makutupora. Kijana wa Hombolo akifundishwa zabibu na mtu anayeziuza, atamwelewa.

Katiba yetu, ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sekondari ziliwekwa chini ya halmashauri ili hilo litimie. Kwetu madaraka hayo yameshuka mpaka makao makuu ya wilaya, yakapumzika. Yashusheni hatua moja zaidi. Wazazi wachague angalau wawili wa kukaa kwenye bodi, kwa mikono juu kama shule za msingi. Mpango wa shule uzungumzwe Julai, na kikao cha Desemba kiwe cha kuuweka sawa na ukomo, si cha kusaini muhtasari uliokwisha kuandikwa. Na kabla ya jengo lolote la 2028, mtu wenu atembee eneo hilo nusu siku na wazee wawili na wanafunzi wawili wa kike, akiwa na daftari tupu.

Kwetu mkutano wa mpango ni Ijumaa ya pili ya Julai, saa kumi jioni, kwenye mkuyu wa shule. Mtakaribishwa uji wa uwele na karanga za kukaanga. Anayetaka kuja aje, ila asije Jumatano.

Wenu,
Mzazi, Dodoma